Sistimu ikikosea Malaba, kwa nini keshia ndiye hulaumiwa?

Ukifika Malaba asubuhi ambayo sistimu imegoma, utapewa majibu matano kabla hujanunua chai. Dere atakwambia shida ni Waganda. Wakala wa forodha atakwambia shida ni Nairobi. Askari wa getini atasema ni mtandao. Karani wa dirishani atakujibu bila kuinua macho, "Iko down, boss, ngoja tu." Na mama aliyevuka na trei za mayai hatasema kitu. Yeye anahesabu yaliyopasuka.

Swali ambalo husikii likiulizwa ni hili: ilikuwa inafanya kazi lini mara ya mwisho, na tangu siku hiyo kimebadilishwa nini?

Watu wa programu wana jina la shida ya aina hii. Kitu kilikuwa sawa, mtu akakigusa ili akiboreshe, sasa hakifanyi kazi. Wanaiita rigresheni. Haimaanishi mfumo ulizaliwa mbovu. Inamaanisha kuna siku fulani, saa fulani na badiliko moja ambalo liliharibu mambo, na siku hiyo inaweza kutafutwa hadi ipatikane, mradi mabadiliko yaliandikwa mahali. Yasipoandikwa, lawama huteremka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie mtu wa chini kabisa, yule aliyekaa dirishani na droo ya pesa.

Hapa Busia na Malaba tunaishi ndani ya mifumo. Tangu 2014, chini ya mpango wa Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, mzigo wa Kampala unaopitia Mombasa unashughulikiwa kabla haujafika mpakani, na mifumo ya nchi mbili lazima iongee. Upande wetu KRA ilianza na Simba mwaka 2005, baadaye ikaja iCMS. Uganda wana ASYCUDA. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wawili, na wazo lilikuwa usimame mara moja tu badala ya mara mbili. Kwa hivyo mfumo ukikwama, hakuna karatasi ya kurudia. Unasimama kweli.

Sasa turudi kwenye hiyo 2005. Mwaka huo huo wa Simba, mwezi wa Aprili, Linus Torvalds, yule jamaa wa Linux, aliandika chombo kinachoitwa Git. Alikuwa anatumia kingine cha kampuni, ruhusa ya kukitumia bure ikaondolewa, akaamua kujitengenezea chake. Kazi ya Git ni kukumbuka. Kila unapobadilisha msimbo (kodi, lakini si ile ya KRA) unahifadhi hatua moja inayoitwa komiti: nani amebadilisha, lini, mistari gani imetoka, ipi imeingia, na maneno machache ya kueleza kwa nini. Miaka kumi baadaye unaweza kuurudisha mradi wote ulivyokuwa Jumanne fulani saa tisa alasiri.

Wengi wetu tunajua hiyo sehemu ya kuhifadhi. Tunatumia Git kama benki ya kuweka tu, hatutoi. Utamu uko kwenye kutoa, na amri yake inaitwa git bisect. Niielezee kwa lugha ya barabara yetu.

Unakumbuka zile foleni za 2020 wakati wa Covid, na tena Januari 2022 Uganda ilipotaka kila dere apimwe na alipie dola 30? Malori yalirudi makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Tuseme kuna foleni kama hiyo, malori 1,000, ila safari hii sababu ni lori moja lililokufa katikati ya njia. Yaliyo mbele yake yanasonga polepole kuelekea geti. Yaliyo nyuma yake hayasongi. Wewe uko Kanduyi na una bodaboda. Utalipata vipi hilo lori?

Unaweza kupita ukiuliza moja baada ya jingine mpaka jioni. Ama unaenda moja kwa moja hadi lile la katikati, tuseme pale Kimaeti, unauliza swali moja: mnasonga? Akisema hatusongi, lori bovu ni lake mwenyewe au liko mbele yake, kuelekea Amagoro. Malori 500 ya nyuma yake umeyafuta kwa swali moja. Akisema tunasonga, liko nyuma, umefuta yale ya mbele. Unaenda katikati ya nusu iliyobaki, unauliza tena. Kwa malori 1,000 unahitaji maswali kama kumi. Foleni ikiwa mara mbili, 2,000, unaongeza swali moja tu. (Mji wa mpaka ndio uliotupa neno bodaboda, kwa hivyo mfano huu ni wetu kabisa.)

Git bisect inafanya hivyo hivyo. Unaiambia: komiti hii ya Desemba ilikuwa nzuri, hii ya leo ni mbaya. Inakurudisha katikati, unajaribu programu, unajibu nzuri au mbaya, inakata nusu. Inaendelea mpaka ibaki komiti moja, yenye tarehe, saa na jina. Ukiwa na jaribio la kujiendesha lenyewe, unaiachia usiku unaenda kulala.

Mwaka jana niliitwa na ofisi moja ndogo ya uwakala huku Malaba, jina naliacha. Wana apu yao ya kuandika posho za madere na gharama za njiani, imeundwa na vijana wa Nairobi kwa malipo ya awamu. Mzee mwenye ofisi hakuniita kutafuta hitilafu. Aliniita kutafuta mwizi. "Huyu msichana ananimaliza," aliniambia, na keshia mwenyewe ameketi pale pale. "Wewe kijana angalia tu kama kuna kitu amefuta."

Hesabu ilikuwa hivi. Kila jioni droo ilikosa pesa kuliko ripoti ilivyosema. Siku nyingine Sh14,000, siku nyingine Sh28,000. Keshia alikuwa ameshakatwa mshahara wa miezi miwili. Hakuna aliyeona kwamba siku ambazo hakuna dere aliyelipwa kwa pesa ya Uganda, droo ilikuwa sawasawa. Ripoti ya mzee ilionyesha jumla tu, kwa shilingi ya Kenya, na nani ana muda wa kufungua mstari mmoja mmoja wakati tayari anajua ni nani wa kushuku?

Kulikuwa na komiti 412 kati ya nakala ya mwisho ambayo wote walikubali ilikuwa sawa na ile iliyokuwa ikitumika. Nilitengeneza jaribio moja jepesi: andika dere amepewa 200,000 za Uganda, kisha angalia ripoti inasema nini. Mara tisa. Haikufika saa moja, na katikati tulikula chapati.

Komiti ya tisa ilikuwa imeandikwa neno moja: "kusafisha". Ilitoa mistari mitatu. Ili kuelewa mistari hiyo ujue kwamba programu nyingi haziweki pesa kama shilingi, zinaweka kama senti, kwa sababu kompyuta hubabaika na desimali. Ripoti ikitaka kukuonyesha shilingi inagawa kwa 100. Sasa shilingi ya Uganda haina senti. Hata kwenye orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, imeandikwa desimali sifuri. Ile mistari mitatu ilisema: ikiwa ni pesa ya Uganda, usigawe. Developa mmoja ambaye pengine hajawahi kushika noti ya Uganda akaiona kama takataka, akaitoa. Kuanzia hapo dere akipewa 200,000, ambazo kwa bei ya shilingi 28 kwa moja ni kama Sh7,100, skrini ya keshia ilisema 200,000 lakini ripoti ya mzee ilisoma 2,000. Yaani Sh71. Zile elfu saba nyingine zilionekana zimeingia mfukoni mwa mtu.

Komiti ilikuwa ya Alhamisi jioni. Upungufu wa kwanza kwenye droo ulikuwa Ijumaa.

Mzee alinyamaza kidogo, halafu akasema hizi mashine zina mambo. Aliyeomba karatasi iprintiwe ni keshia. Alitaka tarehe ionekane vizuri.

Kama unafikiri hiki ni kituko cha ofisi ndogo za mpakani, angalia Uingereza. Shirika la Posta la huko lilianza kutumia mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, mwaka 1999. Hesabu zikaanza kukosa kwenye matawi madogo. Shirika likasema mfumo hauna tatizo, kwa hivyo tatizo ni wewe. Zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia za wizi na udanganyifu kwa ushahidi uliotokana na mfumo huo. Wengine walifungwa. Wengine walilipa kwa nyumba zao pesa ambazo hazijawahi kupotea. Jaji aliamua Desemba 2019 kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu za kutosha kuharibu hesabu, na Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo mwaka 2024. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Fujitsu walikuwa na daftari la ndani la hitilafu walizozijua. Historia ilikuwepo. Waliokuwa kizimbani hawakuonyeshwa.

Na sisi tuna yetu. Machi 2013, skrini za Bomas zilikuwa zikionyesha kura zilizokataliwa zikipanda hadi zikapita 300,000. Nchi nzima ikaanza kubishana kama sisi ni wajinga wa kutia alama kwenye karatasi. Baadaye IEBC ikaeleza kwamba programu ilikuwa inazidisha idadi hiyo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Mara nane! Hiyo si namba inayotokea kwa bahati, hiyo ni mstari mmoja wa msimbo mahali fulani. Ingekuwa historia ya ule msimbo iko wazi, kijana yeyote mwenye laptopu angeutafuta ule mstari na kutuambia uliingia siku gani na kwa kazi gani. Tulipewa maelezo ya mdomo, na kila mtu akaenda nyumbani na imani yake.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza IEBC ifungue seva zake zikaguliwe, waangalie kumbukumbu za nani aliingia lini na akafanya nini. Ufunguzi haukutosheleza, na hilo likawa sehemu ya sababu za uchaguzi wa urais kubatilishwa Septemba 1. Watu wengi walisoma kesi ile kama siasa. Mimi naisoma pia kama kesi ya historia ya mfumo: majaji hawakudai kwamba wameona hitilafu, walisema ukikataa kuonyesha kumbukumbu tutachukulia kuna unachoficha. Agosti 10, 2027 haiko mbali.

Lakini tusidanganyane kwamba Git ni dawa ya kila kitu. Bisect ina masharti, na huku mpakani yanavunjwa kila siku.

Jaribio lako lazima litoe jibu lile lile kila mara. Busia simu yako inaruka kutoka Safaricom kwenda mtandao wa Uganda ukivuka tu upande mbaya wa barabara. Ukijaribu apu ikashindwa kwa sababu ya mtandao, ukajibu "mbaya", bisect itakupeleka kwa komiti ambayo haina hatia, na kwa ujasiri kabisa. Kuna jibu la tatu, la kuruka komiti usiyoweza kuipima, na watu hawalitumii kwa sababu linaonekana kama kushindwa.

Halafu komiti ziwe ndogo. Kuna developa anafanya kazi wiki nzima, Ijumaa anasukuma faili 60 kwa mkupuo, anaandika "mabadiliko". Bisect itakufikisha hadi mlango wa nyumba hiyo. Chumba gani, utajitafutia.

Sharti linalovunjwa zaidi ni kwamba kinachotumika kiwe ndicho kilichoandikwa. Apu nyingi za biashara ndogo ninazoziona huku zinahaririwa moja kwa moja kwenye seva, ama zinatumwa kwa WhatsApp kama zip yenye jina la "mwisho_mwisho2". Hapo historia ni hadithi tu. Hata wakubwa wamekaribia kuumia hivyo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake ya Linux kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alifuatilia hiyo nusu sekunde mpaka akapata mlango wa siri uliopandwa ndani ya programu ya xz. Sehemu ya kuuwasha mlango huo haikuwa kwenye historia ya Git. Ilikuwa kwenye furushi la kupakua pekee. Mtu akisoma historia asingeiona.

Kwenye forodha kuna tatizo lingine zito zaidi, la historia mbili. Mzigo ukiandikwa Kampala na usionekane Malaba, inawezekana kila upande uko sawa kwa macho yake. Uganda wamebadilisha umbo la taarifa wanazotuma, kwetu hatujabadilisha tunavyozisoma. Ukitafuta kwenye historia ya Kenya peke yake hutapata kitu, maana hakuna kilichobadilika. Unahitaji kuzipanga zote mbili kwa tarehe, kwenye meza moja. Kituo cha pamoja kimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Orodha za mabadiliko ya mifumo yao nazo zingekaa hapo.

Usiniambie haiwezekani kwa mfumo mkubwa wa umma. Iko karibu kuliko unavyofikiri. Rekodi za wagonjwa kwenye mpango wa AMPATH, unaohudumia magharibi mwa Kenya, Busia ikiwemo, zinaendeshwa kwa OpenMRS, mfumo uliokulia Eldoret na ambao msimbo wake uko wazi kwenye GitHub, komiti kwa komiti. KenyaEMR inayotumika kwenye hospitali nyingi za serikali imejengwa juu yake. Tarehe ya kurudi kliniki ya dere wa masafa marefu anayechukua dawa zake hapa mpakani ikihesabiwa vibaya baada ya sasisho, kuna mahali pa kuangalia. Majina ya wagonjwa hayako pale, ni msimbo tu. Siri na uwazi vinakaa pamoja vizuri.

Sidai KRA waweke msimbo wa forodha hadharani. Najua kuna wasafirishaji wa magendo ambao wangeusoma kwa makini kuliko mimi. Ninachotaka ni kidogo zaidi: kila toleo jipya la mfumo liwe na namba, tarehe na mistari mitatu ya lugha ya kawaida kuhusu kilichobadilika, na ibandikwe pale wakala na mama wa omena wanaweza kuisoma. Ilani za matengenezo tunazipata, zinatuambia mfumo utazimwa saa ngapi mpaka saa ngapi. Ukiwashwa umerudi na nini? Kwa huyo mama anayetumia utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000, fomu ikibadilika sehemu moja bila kuambiwa ni siku nzima imepotea, na samaki hawangoji.

Njia ya kuomba ipo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ikinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Barua haihitaji wakili. Taja mfumo, taja tarehe mbili, ile ambayo ulifanya kazi na ile ulipogoma, kisha omba orodha ya matoleo yaliyowekwa kati ya hizo mbili. Usiulize nani alikosea, maana hapo utajibiwa na wanasheria. Uliza tarehe.